Nilivyomhukumu Mwalimu wa Hadithini

Nafundisha Kiswahili shule moja karibu na Kakuyuni, na juzi nilijiaibisha mbele ya darasa zima. Tulikuwa tukisoma hadithi ya mwalimu anayemzuia mwanafunzi wake hodari kuingia mashindano ya uandishi. Nikauliza kwa nini anamzuia. Mmoja akasema anamlinda, mwingine akasema anataka akomae kwanza. Walinichosha! Na mwalimu mkuu alikuwa ameketi nyuma, akikagua somo langu.

"Jamani, hamuoni?" nikafoka. "Huyu ana wivu! Aogopa kupitwa na mtoto. Hayo ya kukomaa ni visingizio tu."

Kadzo, mshairi wetu bora, akainua mkono.

"Samahani, mwalimu. Na ulipolifuta jina langu kwenye mashindano ya ushairi ya Malindi, ukasema sijakomaa, ulikuwa wivu pia?"

Nililifuta kweli. Mimi pia hutunga mashairi, ila siku hizi hakuna anayeniomba niyasome. Nikamwambia asitutoe nje ya mada.

"Hiyo ndiyo mada," mwalimu mkuu akasema, akiweka kalamu chini. "Mjibu mtoto, bwana. Sote twakusikiliza."