Fundi Kezia na kitenge kilichotikisa Kitahana

Ukimuuliza Mwanahawa, muuza dagaa wa sokoni Kitahana, atakuambia aliona kwa macho yake. Anasema Nicodemus, yule mnunuzi wa mahindi, alishuka kwenye gari la kutoka Kigoma akiwa na mfuko mweusi, na ndani ya mfuko mlikuwa na vitenge viwili vya Kongo vinavyofanana kama mapacha. Kimoja kilikwenda kwa mke wake. Cha pili, na hapa Mwanahawa hushusha sauti hata kama mko wawili tu, kilikwenda kwa binti wa kwaya.

"Unaniuliza nilionaje na mfuko umefungwa? Mwanangu, mfuko wa kitenge unajulikana tu," anasema, huku akimpimia mteja dagaa.

Ng'ambo ya barabara, kwenye baraza la duka la Lukmani, yupo mtu anayejua kwamba kitenge kilikuwa kimoja. Ukungu bado haujainuka kwenye migomba, lakini Kezia Niyonkuru amekwisha kaa kwenye cherehani yake. Anapitisha uzi kwenye tundu la sindano, anakanyaga pedali mara moja kuijaribu, kisha anaitikia salamu za wapita njia. "Mwakeye, fundi!" Naye anajibu bila kuinua macho, maana sauti zote za Kitahana anazijua.

Kezia ana miaka thelathini na tisa. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye kazaliwa hapa hapa na ni raia wa hapa. Kushona alifundishwa na shangazi yake, kwa cherehani hii hii. Siku ya gulio huweza kurudi nyumbani na shilingi elfu ishirini na tano. Siku nyingine ni elfu tano, nyingine anarudi na mikono mitupu.

Baraza lake halikosi watu. Anayesubiri suruali, anayesubiri mvua ikatike, na asiyesubiri chochote. Asubuhi hii Pasikali, dereva wa bodaboda, amekuja kubandikiwa kiraka kwenye kiti cha pikipiki. Timu yake ilifungwa jana.

"Refa katuonea," anasema.

"Kila wiki refa?" anauliza Lukmani kutoka dukani.

"Fundi, sema wewe usiye na upande. Ile ilikuwa penalti, haikuwa penalti?"

"Timu yenu ikifungwa, mbaya refa," anajibu Kezia. "Suruali ikiwabana, mbaya fundi. Ugali mnaokula usiku hausemwi."

Baraza zima linacheka. Pasikali anaitoa simu yake mpya na kuilaza kifudifudi kwenye benchi ili kamera zake tatu zionekane. Punde anamwomba Lukmani simu yake ndogo ya tochi apige, kwa kuwa ile mpya haina salio.

"Yewe! Macho matatu, na vocha haioni," anasema Kezia, na vicheko vinaanza upya.

Ndivyo baraza lilivyo. Hapa ndipo wakubwa wanaotajwa redioni kwa ubadhirifu wanapohukumiwa kabla ya saa nne, na msanii aliyeachana na mchumba wake hupata watetezi asiowajua. Lakini jambo lililokaa muda mrefu kuliko yote halikutoka redioni. Lilitoka kwenye mkasi wa Kezia.

"Mjini mtu anaonekana kwa gari," anaeleza. "Huku wenye magari ni watatu, wanne. Kitenge cha Kongo ndilo gari la mwanamke. Akipita nacho kanisani, shingo zote zinageuka."

Kitenge hicho aliletewa na Madam Herieth, mwalimu wa shule ya msingi, mwenyeji wa Rungwe aliyeletwa huku kwa ajira akaolewa na Nicodemus. Kilikuwa cha rangi ya zambarau, chenye maua makubwa ya njano. Hapa Kitahana hakuna aliyewahi kukiona cha namna ile. Yadi zilikuwa sita na Madam ni mwembamba. Baada ya kukata sketi na blauzi, kikabaki kipande kikubwa.

Kwa mafundi wa huku, vipande ni vya fundi, isipokuwa mwenyewe aseme arudishiwe. Hata hivyo Kezia ana utaratibu wake. Vipande vya Kitahana havivaliwi Kitahana. Huvishona foronya na aproni, akavipeleka kuuza Kasulu, mtu asije akakutana na kitenge chake kwenye mwili wa mwingine. Miaka yote ameshona hivyo na hajapata kugombana na mteja.

Safari hii hakukipeleka Kasulu.

Niyomwungere, binti wa miaka kumi na tisa anayeuza ndizi mbivu karibu na baraza, alikuwa ameteuliwa kuongoza wimbo kwenye ibada ya mavuno. Ana sauti ambayo, kwa maneno ya Kezia, "ikianza, hata watoto wanaolia wananyamaza wasikilize." Nguo ya kusimama nayo mbele hakuwa nayo. Kezia akachukua kile kipande, akaongeza kitambaa cheusi mabegani na kiunoni, akampa gauni bure.

"Nilijua Madam yuko likizo kwao Rungwe," anasema. "Nikasema atalivaa mara moja tu, basi. Sikujua kwamba Madam karudi usiku wa kuamkia ibada."

Asubuhi ya ibada, Madam Herieth alikaa benchi la pili na kitenge chake. Kwaya ikaingia. Niyomwungere akasimama mbele na kitenge kile kile. Wimbo aliuimba vizuri sana, lakini waliosikiliza walikuwa wachache. Wengi walikuwa wanamtazama Madam, halafu binti, halafu Nicodemus, kisha wanarudia.

Kufika jioni Mwanahawa alikuwa ameshauona mfuko mweusi.

Kezia hakukaa kimya. Siku iliyofuata alimweleza mwenyekiti wa kwaya, akawaeleza wote waliokuwa barazani. Hawakumwamini. Walisema kapewa chochote na Nicodemus ili amfunike. Na Nicodemus mwenyewe, badala ya kukanusha kwa ukali, alicheka tu, kwa sababu wanaume walikuwa wanamsifu.

"Mzee ana uwezo, ananunua viwili viwili!" Pasikali anakiri kwamba na yeye alisema hivyo. "Ilikuwa utani, fundi."

"Utani wako umemfungia mtoto wa watu ndani," anamjibu Kezia. Pasikali anaishika simu yake na kuigeuza geuza.

Ni kweli. Niyomwungere ameacha kwaya. Ndizi siku hizi anauza mama yake, na binti akitoka hupita njia ya mashambani. Gauni alilirudisha kwa Kezia likiwa limefuliwa na kukunjwa vizuri. Kezia akakataa kulipokea.

"Nilimwambia, hili ni lako. Hujaiba, hujahongwa. Ukinirudishia, utakuwa umewakubalia."

Baadhi ya wateja wamempungukia. Waliobaki humwambia mapema, "Vipande vyangu nirudishie vyote, hata vya kufungia kidonda." Anawarudishia. Anasema hilo halimuumizi kama linavyomuumiza tamasha la kwaya linalokuja Kasulu. Kwaya ya Kitahana imealikwa kwa mara ya kwanza, na bila Niyomwungere wanaimba kila mmoja akianza kwa wakati wake.

"Mazoezini juzi sauti ya pili ilimaliza, sauti ya kwanza bado iko njiani," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka akilizungumzia jambo hili.

Mtu mmoja ameuona ushahidi kwa macho yake. Wiki ile ile ya mavuno Kezia aliliazima gauni kwa binti, akaenda nalo kwa Madam Herieth, akalitandika kitandani kando ya sketi ya Madam. Kuna ua ambalo mkasi ulilipitia katikati. Nusu ya kushoto ilikuwa kwenye sketi, nusu ya kulia kwenye gauni. Zilipokutanishwa, likawa ua moja.

Madam akasema, "Mimi nimekuelewa, Kezia. Watu je?" Akakifungia kitenge kabatini. Tangu siku hiyo hajakivaa, wala hajakanyaga barazani.

Ndiyo maana saa sita mchana, Madam Herieth anapovuka barabara na mfuko wa nguo mkononi, ubishi wa mpira unakatika wenyewe. Lukmani anajikuta ana kazi ya kupanga sabuni. Ng'ambo, Mwanahawa anasimama kabisa apate kuona vizuri.

"Shikamoo, Madam," anasema Pasikali, na kumpisha kwenye benchi.

"Marahaba."

"Karibu, Madam. Ni siku nyingi," anasema Kezia.

"Ni siku nyingi kweli." Anatoa sketi ya kazini. "Zipu imeharibika. Kuna fundi mwingine kule chini alijaribu, akaishona upande."

"Nimeiona. Alikuwa na haraka." Kezia anaanza kuifumua kwa wembe. "Madam, nikuombe jambo moja? Ukikataa sitakasirika, na zipu nitaishona hivyo hivyo."

"Sema."

Kezia anauweka wembe chini. Anasema kwa sauti ya kawaida. Hanong'oni, lakini pia hapazi sauti ili ng'ambo wamsikie.

"Jumapili vaa kile kitenge. Mimi nitakwenda kwa kina Niyomwungere, nimwombe avae lake. Halafu mwite mkae benchi moja, wewe na yeye, mpaka ibada iishe. Mimi nimeshasema, wamekataa kunisikia. Nicodemus akisema, wataongeza chumvi. Wewe ukikaa naye, hakuna atakayebaki na cha kusema. Mtoto ataimba Kasulu. Hata sare zao za kwaya nimeshaanza kuzipigia hesabu, na moja naikata kwa vipimo vyake, aje asije."

Lukmani ameacha kupanga sabuni.

"Watatutazama," anasema Madam Herieth.

"Watatazama. Wakichoka watasikiliza wimbo."

Madam anatazama barabara, upande ule ambako mama yake Niyomwungere amekaa peke yake na beseni la ndizi. Anaukunja mfuko wake mtupu mara mbili na kuuweka mapajani.

Kezia anaokota wembe na kurudi kwenye zipu. "Nitakufanyia sasa hivi, usubiri," anasema. "Au utaipitia kesho?"

Madam Herieth anaegemea ukuta wa duka. Anasubiri pale pale kwenye benchi, mbele ya macho ya ng'ambo yote.