Mgeni Niliyemwacha Mlangoni

Mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu chuoni, hapa Juba, namna ya kumpokea mtu asiyeona, kwa hiyo aibu hii ni yangu peke yangu. Tunatafiti masomo ya kompyuta yatakayomfaa kila mtu. Niliambiwa mwalimu asiyeona atakuja na ndugu yake kutoka mtaa wa Munuki, awe wa kwanza kujaribu programu yetu inayosoma kwa sauti.

Wakafika mwanamke na mwanamume, wameshikana mikono. Mwanamke alivaa miwani nyeusi. Nikamkimbilia, nikamshika kiwiko.

“Karibu, mwalimu. Inua mguu, kuna kizingiti.”

Akainua. Nikamketisha mbele ya kompyuta, nikamweleza hata rangi ya mapazia, nikamwekea maji mkononi. Wenzangu walinitazama kwa heshima, nami nikazidisha upole.

“Dada,” akaninong'oneza, “mimi macho iko mgonjwa kidogo tu, sababu ya vumbi. Nilifikiri hapa mnapokea wageni hivi. Mwalimu ni kaka yangu.”

Nikageuka. Kaka yake alikuwa bado mlangoni, anatabasamu, amenyoosha mkono wa salamu upande ambao haukuwa na mtu.