Kapita na Kopo la Poda

Habari ilinikuta Jumatano asubuhi nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Aliyepiga simu alikuwa mmoja wa wapagazi wa bandari ya Kalundu, mtu ambaye kwa kawaida huongea kwenye simu kwa makelele kana kwamba ziwa lote liko katikati yenu. Safari hii alinong'ona. "Mwalimu, Kapita ametuacha." Nikamwuliza Kapita yupi, ingawa nilijua. Makapita wako wengi Kalundu, lakini mmoja tu aliitwa hivyo bila kuongezewa jina. Homa ilimlaza siku nne, na ya tano ikamchukua. Chai ilipoa mkononi, na kitu cha kwanza kunijia kichwani, Mungu anisamehe, kilikuwa kwamba mtu huyu hajanirudishia daftari zangu tatu za pédagogie, yaani somo la ualimu. Kisha machozi yakaja, nikaona kwamba hata daftari zenyewe sizitaki tena.

Kwa ninyi mnaonisoma mkiwa mbali na bandari, kapita ni msimamizi wa kikosi cha wapagazi, wale ambao karatasi za ofisini huwaita docker. Kikosi chake kilishusha simenti, chumvi na mchele kutoka kwenye maboti ya ziwani, gunia begani na ubao mwembamba miguuni. Alikuwa mfupi, mpana, na mbishi kupita kiasi. Ukimwambia samaki wa leo ni wabichi, atakuuliza umewajuaje. Ukimwambia mvua itanyesha, atakupangia sababu nne za kwa nini haitanyesha, na ikinyesha atasema hiyo si mvua, ni umande mkubwa. Shule aliiachia njiani, katika mwaka wa nne wa sekondari, vita ilipopita ikawatawanya. Tangu hapo alibeba magunia, na sikuwahi kumsikia akilalamika, isipokuwa juu ya timu yake ya mpira.

Tulijuana kwa sababu siku moja alikuja kwangu, mimi mwalimu mstaafu, akiwa amevaa shati la misa ingawa ilikuwa Jumanne. Akakaa ukingoni mwa kiti. Akasema binti yake alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na shule ilikuwa imempelekea fomu ya kutia sahihi. Pale penye kazi ya baba, binti alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri kabisa: commerçant, yaani mfanyabiashara. "Uliisahihisha?" nikamwuliza. Akatikisa kichwa. "Nilitia sinyatire, Mwalimu. Nikatoka pale najua nilitia sinyatire ku papa wa mutoto mwingine." Nilicheka, ila si sana, na sababu yake nitaisema mbele. Kisha akaniomba daftari zangu za zamani. Alitaka kufanya Examen d'État, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, mwaka uleule ambao binti yake angeufanya. Alitaka mtoto awe na baba wa kuandika kwenye fomu. Nilimpa daftari, lakini nitakuwa mwongo nikisema nilimpa kwa imani. Nilimpa kwa sababu zilikuwa zinajaa vumbi.

Namna alivyosoma ndiyo iliyomfanya awe Kapita asiyehitaji jina. Aliyanakili masomo kwenye karatasi za ndani za mifuko ya simenti, zile za kahawia ambazo hazijaguswa, akazikunja na kuziweka mfukoni. Na kwa kuwa mtu hawezi kusoma karatasi akiwa na gunia begani, aliyageuza masomo kuwa wimbo wa kazi. Nilikwenda kujionea mwenyewe. Yeye alisimama juu ya boti akiita, "Mutoto tunamufundisha kutoka wapi?" na wanaume kumi na wawili wakapanda ubao wakiitika, "Kutoka kwenye anajua!" "Tunamupeleka wapi?" "Kwenye hajue!" Gunia likatua puu! Halafu lingine. Nimefundisha miaka mingi, na kanuni hiyo niliwaandikia wanafunzi ubaoni mpaka chaki ikaniingia mapafuni. Sikuwahi kuisikia ikiitikiwa kwa furaha namna ile. Kuna mpagazi pale ambaye hajui kuandika jina lake, lakini ukimwamsha usingizini atakuambia hatua zote za somo, kuanzia utangulizi hadi mazoezi, na atakukaripia ukiruka moja.

Matokeo yakaja kwa simu, kama yanavyokuja siku hizi. Mnajua desturi yetu: aliyepita humwagiwa poda nyeupe kuanzia kichwani hadi mabegani, kisha mtaa mzima humzungusha kwa nyimbo na vifuniko vya sufuria. Mke wa Kapita alikuwa amekwisha nunua kopo kubwa la poda kwa ajili ya binti. Simu ya kwanza ikasema baba amepita. Simu ya pili ikasema binti ameanguka. Wapagazi walikuwa wamekwisha fika uani, wengine wakiruka, mmoja akiwa amefungua kopo. Kapita akamshika mkono. "Poda hatumwange mu nyumba yenye muntu analia. Funga ile kopo." Wakalifunga. Akaenda kukaa chini nje ya mlango wa binti aliyejifungia, akakaa mchana kutwa, yeye mbishi wa Kalundu nzima, akiongea na mbao za mlango. Mkewe alinisimulia maneno yake: "Minye nilichukua miaka makumi tatu kupita, mama. Weye utachukua mumoja. Sasa nani iko mujinga?"

Kesho yake nikamkuta bandarini, gunia la chumvi begani, kandambili zilezile miguuni. Nilikasirika, sijui hata kwa nini. Nikamwambia aache hayo magunia, atafute ofisi, kwa sababu sasa yeye ni muzungu mweusi. Nyote mnalijua neno hilo. Tunalitumia kama sifa. Akalitua gunia taratibu, akajifuta jasho, akanitazama kwa upole ulioniuma kuliko tusi. "Mwalimu, minye niliomba diplome. Sikuomba ngozi ingine." Kisha akalipandisha gunia begani akaenda zake, nami nikabaki pale na shati langu lililopigwa pasi, nikijifanya ninatazama mashua.

Nimelifikiria jibu hilo miaka hii yote. Tuna tabia ya ajabu, sisi watu wa pwani hii ya ziwa. Mtoto akisoma, tunasema ana akili ya Kizungu, kana kwamba akili iliyomzaa na kumlea haikuwa akili. Akipita, tunampaka weupe. Akipata meza na kiti, tunamkataza kuongea lugha ya bibi yake mbele ya wageni, na yeye mwenyewe huanza kuona aibu ya jembe lililomlipia kalamu. Halafu tunashangaa kwamba vijana wetu wenye diplome wanakaa kwenye vibaraza wakingoja ofisi ambazo hazipo, huku wakiogopa kuonekana wamebeba kitu. Sisemi elimu haina faida, mimi imenilisha. Nasema tumeifanya kuwa mlango wa kutokea nyumbani, na tukishatoka tunaufunga nyuma yetu. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, na sisi walimu tuliliimbisha neno hilo darasani kwa Kifaransa kizuri, tukiwa tumefunga tai.

Kapita hakuwa na mafundisho ya namna hii. Yeye alirudi tu kazini na karatasi zake za simenti. Lakini mwaka ule binti alikuwa anarudia darasa, naye alikuwa kwenye pédagogie kama baba yake, na karatasi zilizokuwa na majibu zilikuwa mfukoni mwa baba, na baba alikuwa bandarini. Siku ya kwanza alikwenda amejifunika kitenge hadi usoni, asije akaonwa na wenzake wa darasa. Alikuta wanaume wakipanda ubao huku wakiitikia somo lake. Nasikia alisimama pembeni. Kisha mmoja wao akamwona, akamwuliza swali kutoka chini ya gunia, naye akalikosea. Wakamzomea wote kumi na wawili! Siku ya pili akaenda bila kujifunika. Alikwenda siku nyingi baada ya hapo, akikaa juu ya magunia na daftari yangu, na waliompima hawakuwa na huruma.

Mwisho wa mwaka huo alipita. Kopo lilikuwa bado juu ya kabati, limefungwa vilevile. Mama yake akamwaga nusu kichwani pake, na mtaa ulipotaka kumzungusha, binti akalichukua kopo akatangulia yeye, mweupe hadi kwenye nyusi, mpaka Kalundu. Akapanda ubao. Akammwagia baba yake nusu iliyobaki, mbele ya boti zima. Nilikuwapo. Jasho na poda vikachanganyika vikawa uji shingoni mwake, na baada ya dakika chache ngozi yake ilikuwa inaonekana tena, nyeusi kama jana. Wakaendelea kushusha mchele.

Nilipofika kilioni Jumatano hiyo, nilikuta ugomvi mdogo uani. Fundi wa msalaba alikuwa ameshika burashi na rangi, akingoja kuambiwa aandike nini chini ya jina. Wapagazi walitaka Diplômé d'État, yaani mwenye diploma ya serikali, kwa herufi kubwa. Yule aliyenipigia simu ndiye aliyekuwa mkali zaidi. "Ile diplome ni yetu sote!" alisema. "Minye nilibeba ile pédagogie pamoja na simenti. Batu bapite hapa bajue." Upande wa pili alisimama binti, ambaye siku hizi anafundisha shule ya msingi kule Runingu, macho yamevimba, sauti imekauka. "Papa alikuwa docker," alisema. "Andikeni docker." Wakageuka kunitazama mimi, mtu wa kalamu. Nami kwa ujasiri wangu wa siku zote nikasema viandikwe vyote viwili. Fundi akaguna. "Mwalimu, mbao ni fupi. Na rangi iko kidogo."

Binti akamwomba burashi. Akapiga magoti mbele ya ule ubao, akaandika DOCKER kwa mwandiko uleule mzuri ambao zamani uliandika commerçant. Aliandika polepole. Kisha akampa burashi yule mpagazi mkali, asiyejua kuandika, akamshika mkono, na pamoja wakaandika hayo mengine kwa herufi ndogo zilizopanda mlima kuelekea ukingoni mpaka neno la mwisho likabaki nusu. Mpagazi akatazama kazi ya mkono wake, akalia kwa sauti kubwa, ile sauti yake ya kwenye simu.

Nilisema nitawaambia kwa nini sikucheka sana siku ile. Baba yangu alilima maharage na mihogo kwenye vilima vya Lemera mpaka mgongo wake ukapinda, na maharage hayo ndiyo yaliyonisomesha. Tangu nilipokuwa mwanafunzi, kila fomu iliyoniuliza kazi ya baba niliijibu: agronome, yaani mtaalamu wa kilimo. Lilikuwa neno zuri, na hakuna aliyeniuliza. Nimezeeka nalo. Juzi Jumatatu, baada ya maziko, nilikuwa ofisini kubadilisha karatasi yangu ya utambulisho iliyochakaa, na mstari ule ukanifikia tena. Nikaandika: mkulima. Kijana wa ofisini akalinganisha na karatasi ya zamani, akanirudishia kwa adabu. "Papa, hapa ya zamani banaandika agronome. Hii umekosea?"

"Nilikosea, mwanangu," nikamjibu, "ila si leo."