Lozi Niliyoifunga kwenye Tishu

Miaka tisa! Miaka tisa mama mkwe wangu anatoka Norwe kila Krismasi, anafika kwetu Handsworth, huku kwa Waingereza, anavaa aprona yake, anapika uji mzito wa mchele na maziwa, anatumbukiza lozi moja tu, kisha anapakua yeye mwenyewe. Atakayeikuta lozi kwenye bakuli lake hupewa kinguruwe cha peremende. Lakini kwanza huificha shavuni, wengine waendelee kula mpaka sufuria iishe. Kwao Krismasi ni jioni ya tarehe ishirini na nne, nami kila mwaka huhangaika kubadilishana zamu wodini ili niwepo. Na lozi siipati.

Binti yangu ameipata mara tatu. Mume wangu ameipata. Hata fundi wa boila, aliyekuja mwaka juzi kuturudishia joto akakaribishwa mezani, aliipata, akaenda zake na kinguruwe mfukoni. Fundi wa boila, jamani! Mimi niliyemzalia mjukuu natoka kapa.

Mwaka huu nikasema potelea mbali. Nilimkuta jikoni ameshika upawa.

"Mama, nimekukosea nini? Mbona lozi yako anapewa kila mtu isipokuwa mimi?"

Akauweka upawa chini.

"Nilikupa ya kwanza kabisa," akasema. "Mwaka ule mlipooana. Niliitafuta kwa kijiko, nikakuwekea, ujue umekuwa wetu. Ukaitoa mdomoni, ukaifunga kwenye tishu, ukaitia mfukoni. Tulikula mpaka sufuria ikaisha na hukusema neno. Nikajua hututaki. Sikutaka kukulazimisha."

Kumbe ile ndiyo ilikuwa lozi! Mimi nilijua ni jiwe. Mama yangu alinifundisha kwamba ukikuta jiwe kwenye wali wa wakwe, hulitemi mbele za watu, unamsitiri mpishi. Basi nikamsitiri. Sikulitazama hata kidogo, na tishu nikaitupa vile vile ilivyofungwa. Shemeji zangu, waliokuja naye mwaka ule, walipoanza kuulizana kwa Kinorwe huku wakicheka, nami nikacheka, bibi arusi mwenye adabu zake.

Nikamweleza yote. Kisha nikaenda sebuleni, ambako mume wangu alikuwa anatundika vibendera vya kwao kwenye mti huku akipiga mluzi.

"Wewe! Mwaka ule wa kwanza ulishindwa nini kuniambia habari ya lozi?"

"Nilidhani unajua," akasema.

Alidhani najua! Nani aliniambia kwamba kuna watu wanaficha lozi kwenye uji? Nyeri nzima, nilikokulia, hakuna mtu anayejua hilo. Mama wa watu amelala miaka tisa akiamini nimemkataa, nami nimelala miaka tisa nikiamini amenikataa, na bwana yuko kwenye ngazi anapiga mluzi. Nilimwambia sufuria ataosha yeye, mwaka huu na yote ijayo.

Tulipokaa mezani, kijiko cha pili tu, meno yangu yakagonga kitu. Nikakitema kiganjani pale pale, nikakiinua juu kila mtu akione. Mama mkwe akajifunika uso kwa aprona.

Binti yangu akaruka na Kiingereza chake, analalamika kwamba nimeharibu mchezo, eti ilinibidi niifiche.

"Niifiche tena?" nikamwambia. "Hii nimeificha miaka tisa."