Beti Nilizozifuta za Mzee Mohanti

Siku ile naikumbuka kuanzia simu iliyokuwa kiganjani mwangu. Mwanangu, nakuita hivyo ingawa sijafika thelathini; ndivyo alivyoniita Mzee Mohanti katika duka lake la ushonaji hapa Newtown, kwa Kiswahili alichojifunza Dar kabla hajahamia Johannesburg.

Mchana huo alikuwa anakwenda kupasuliwa koo, na huenda sauti isirudi. Wiki nzima nilimrekodi kwa simu akiimba nyimbo za kwao Odisha, India, za washairi wa kale waliomwabudu mungu Vishnu, akinifasiria ubeti kwa ubeti. Mambo ya dini hizo nilijisomea mwenyewe, bila mwalimu, na aliyejisomea huogopa sana kuumbuka.

Beti saba zilinikosesha usingizi. Zilimwita Bwana Jagannathi, yaani Vishnu wa kwao Odisha, yule mwenye macho makubwa ya mviringo, kwa jina la Utupu usio na umbo. Hayo niliyasoma kwa Wabudha wa tantra, wenye mafundisho ya siri. Nikaona mzee amechanganya. Nikazifuta, rekodi ibaki safi.

Siku ile, kabla ya kwenda hospitali, akaisikiliza, sindano mkononi.

"Mwanangu, Utupu uko wapi?"

"Nimeutoa, mzee. Ule ni wa Wabudha."

"Eish! Umemshonea Bwana koti ukaziba shingo. Kichwa apitishie wapi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba washairi wale waliyajua mafundisho yote mawili, ya Vishnu na ya Wabudha. Kwao mwili ndio hekalu, na akaaye ndani hana umbo. "Hawakuchanganya. Waliunga, kama tunavyounga kitambaa."

Nikamwomba aimbe tena. Binti yake, Sarita, alikuwa mlangoni na ufunguo wa gari. "Baba, daktari amekukataza! Wanatusubiri."

"Ubeti mmoja," akasema.

Akaimba, nami nikirekodi. Katikati sauti ikakatika, akaumalizia kwa mnong'ono huku Sarita akinitazama kama mwizi. Nami nilikuwa mwizi.

Sauti haikurudi. Maneno ya beti sita aliniandikia baadaye. Namna ya kuyaimba hakuna tena aliyenayo.

Mwanangu, kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini sisi tupendao kila kitu kinyooke huona bora kufuta kuliko kuuliza. Ukikuta kwa mzee jambo lisiloingiana na ulichosoma, liache lilipo, umwendee angali na sauti. Huenda ndilo tundu la shingo.

Mola akujalie ulimi mwepesi wa kuuliza, na mkono mzito wa kufuta.