Ramani yangu ilivyoigeuza nyumba ya Mama Poni kuwa nyasi

Wakuu, habari za huko mliko. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Juba, sijaongeza chumvi, na bado nina hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Mimi ni Mkenya, nachora ramani kwa picha za setilaiti. Ofisi yetu iko mtaa wa Buluk. Tulipewa kazi ya kupima ardhi oevu upande wa Lemon Gaba: wapi maji, wapi nyasi, wapi nyumba. Eneo likifungwa ili lihifadhiwe, wenye nyumba zinazoonekana kwenye ramani watapewa viwanja kwingine.

Asiyeonekana, imekula kwake.

Nikachagua picha za kiangazi, maana za msimu wa mvua ni mawingu matupu. Nikaifundisha kompyuta: rangi hii bati, rangi hii nyasi. Yote hayo nimekaa kwenye kiti, AC inapuliza. Field sikwenda. Bosi alisema hakuna muda, nami sikubisha.

Ramani ikatoka safi. Kijani kila mahali, nyumba chache za kuhesabu.

Mama Poni, anayetupikia chai ofisini, anaishi hukohuko. Akainama kwenye skrini, akauliza kwake ni wapi. Nikamwonyesha. Kijani.

"Mimi iko nyasi?"

Akili ikanirudi. Nyumba za kule ni tukul, zimeezekwa nyasi zilezile za bwawani. Kiangazi zote ni kavu, na kwa setilaiti paa na bwawa ni kitu kimoja. Nilikuwa nimefuta mtaa mzima. Niliona aibu, wakuu.

Siku tatu nikazunguka naye na GPS, tope hadi magotini, nikiweka alama mlango kwa mlango. Nikamtumia bosi ramani mpya.

Siku ya mkutano wa wakazi nafika, nakuta ukutani ile ya zamani! Bosi ananiambia mpya haijachapishwa, na hii ilishabandikwa. Jamani, nilitamani kulia.

Mama Poni hakubishana na mtu. Alichomoa biro mfukoni mwangu, akaenda mbele, akachora duara dogo juu ya kijani, akaandika jina lake. Majirani wakapanga foleni nyuma yake. Wino ulipoisha, mwenyekiti wa mkutano akatoa biro yake.

Ramani hiyo iliyochorwachorwa ndiyo iliyosainiwa.

Funzo nililopata: usipime makazi ya watu kabla hujayakanyaga.

Wataalamu wa ramani, nyie mnatenganishaje paa la nyasi na nyasi? Na bosi wa aina hii mnaishi naye vipi? Semeni. Hata matusi napokea, nastahili.