Profesa na Jaribio la Mistari

Shuleni walimwita Profesa, kwa sababu tangu aanze kusoma saikolojia hakuna aliyepiga chafya mbele yake bila kuelezwa kilichomsumbua utotoni. Nyumbani alikuwa mtoto wa pekee wa fundi cherehani. Wateja wa mama yake walipokuja kupimwa nguo, aliwasoma nyuso wakiwa bado wamenyoosha mikono. "Yule hatarudi kuchukua gauni lake," alikuwa akimnong'oneza mama. Mara nyingi alipatia.

Walipoingia kidato cha sita, mwalimu wa saikolojia alichora mistari mitatu ubaoni na mwingine mmoja pembeni, akauliza upi uliolingana na ule wa pembeni. Jibu lilikuwa wazi: wa kwanza. Lakini mwanafunzi wa mbele alisema, "Wa tatu." Aliyemfuata naye, "Wa tatu." Safu nzima ikasema vivyo hivyo. Zamu ilipomfikia Profesa, wa mwisho kabisa, naye akasema, "Wa tatu."

Darasa likaangua kicheko. Wote walikuwa wamepangwa. Aliyepimwa ni yeye peke yake.

"Macho yako hayakukosea," mwalimu alimfariji. "Ulifuata wenzako. Binadamu ndivyo tulivyo."

Hilo halikumuuma. Kilichomuuma ni Chiriku, rafiki aliyeketi naye dawati moja miaka yote, msichana asiyeweza kuficha siri hata ya kipande cha chaki. Chiriku alikuwa amedanganya kwa macho makavu, wala hakupepesa.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Profesa akawa mtu wa kuchunguza kila neno.

"Utakunywa chai?" mama aliuliza jioni moja.

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu imechemka, mwanangu. Au na chai nayo ina saikolojia?"

Muhula ulipokaribia katikati, mwalimu aliagiza kila mmoja abuni jaribio lake mwenyewe. Wiki hiyohiyo, wakati wa mapumziko, Chiriku alimvuta kando darasani.

"Shoga, baba kahamishwa kazi. Tunaondoka Jumamosi. Njoo Ijumaa nyumbani tuagane."

Profesa akainama, akachungulia chini ya dawati. "Mwalimu umemficha wapi?"

"Sikutanii!"

"Siku ya mistari pia hukuwa unatania."

"Ile ilikuwa kazi ya darasa. Hili ni la kweli."

"Ndivyo ungesema hata kama lingekuwa la uongo," Profesa alijibu, akijiona mjanja. Jaribio la Chiriku alishalibaini: kupima kama rafiki aliyedanganywa mara moja ataamini tena. Safari hii hangeingia mtegoni.

Ijumaa hakwenda. Usiku aligeukageuka kitandani. Na kama ni kweli? Asubuhi ya Jumamosi alitoka, akijiambia haendi kuaga bali kuangalia tu. Alijibanza kwenye kona ya ukuta wa jirani, akatoa jicho moja. Lori lilikuwa mlangoni. Magodoro yalikuwa yamefungwa kamba, madirisha yamevuliwa mapazia. Baba yake Chiriku alikuwa akihangaika na kabati lisilopita mlangoni.

"Wewe binti," akasema, "unamchungulia nani? Mwenzako jana kakungoja mpaka giza likaingia."

Chiriku akatoka na ndoo ya vyombo mkononi. Macho yalikuwa mekundu.

"Umekuja kuaga au kuhakikisha?"

Profesa alitamani kusema kuaga. "Kuhakikisha," akasema. "Nisamehe."

Chiriku alifuta macho kwa kiganja. Kisha akaitua ndoo na kucheka kidogo. "Angalau hujanidanganya. Haya, lete simu." Akaandika namba. "Laini yangu mpya hii. Huko sina mtu. Unipigie, sawa?"

"Nitakupigia."

Wakakumbatiana. Baba akawasha lori. Profesa alitazama ile namba, na kabla akili haijamzuia, kidole kikawa kimeshabonyeza.

Simu ikaita mfukoni mwa Chiriku.

Chiriku, mguu mmoja ukiwa tayari kwenye ngazi ya lori, aliitoa, akatazama kioo chake, kisha akamtazama Profesa. Hakuipokea. Akaiacha iite mpaka ikakata.

"Hata namba unaihakikisha?" akasema.

Akapanda, akafunga mlango.